Nani Amehamisha Ndoo?

Ndoo ile niliihamisha mimi mwenyewe. Ilikuwa Jumamosi, nimefika kijijini kwa mama, wilaya ya Kongwa, mkoa wa Dodoma, na kama ilivyo kwa binti anayetoka mjini kwenda kumsalimia mama yake, sikukaa. Nilijifunga kanga kiunoni nikaanza kazi. Nikafagia uwanja, nikatoa masufuria nje, nikayasugua kwa mchanga. Ndoo ya maji, ile ya lita 20, siku zote hukaa kushoto kwa mlango wa jikoni. Nikaisogeza hatua tatu hivi hadi karibu na kichanja cha vyombo ili nisiwe nainuka kila mara kufuata maji.

Mama akatoka jikoni na ungo wa uwele. Alikuwa ananitazama usoni, ananiuliza kama mwanangu wa pili kikohozi kimepona. Kabla hajamaliza swali akaikwaa ndoo. Ungo ukaruka, yeye akaenda mbele, akatanguliza mkono wa kushoto. Nilisikia mfupa ukilia. Uwele ulimwagika uwanja mzima na kuku wakaja mbio. Mpaka leo nikiikumbuka siku ile, kinachonijia kwanza ni wale kuku wanavyodonoa kumzunguka mama amelala chini.

Ndoo yenyewe ni nyekundu. Ilikuwa saa nne asubuhi, mwezi wa kumi, na jua la Kongwa la mwezi wa kumi halimfichi mtu kitu. Nilimwuliza, kwa sauti ambayo hadi sasa naijutia, "Mama, kwani hukuiona?"

"Haikuwepo," akasema.

Nilidhani maumivu yanamchanganya.

Kifundo cha mkono kilikuwa kimevunjika, akafungwa hogo wiki sita. Na hakuwa ameanguka kwa mara ya kwanza. Miezi ya nyuma aliwahi kuteleza kwenye kizingiti cha jikoni akasema ni kandambili zimekwisha. Tukamnunulia nyingine. Akaanguka tena, safari hii njiani kuelekea kwa jirani, akasema mvua imechimba makorongo. Sisi wanawe tukawa na jibu letu: mama amezeeka. Tulilisema kwa upendo, tukalirudia kwenye simu, na likatosha. Wakati huo alikuwa na mwaka wa tatu akitumia dawa ya matone ya glakoma, ugonjwa wa macho, chupa tunamnunulia wenyewe, na hakuna hata mmoja wetu aliyeunganisha chupa ile na mwanguko hata mmoja. Hospitalini tuliulizwa kama anaweka matone, na presha ya jicho ikapimwa. Kuanguka hatukuulizwa, na sisi hatukukutaja, kwa sababu kichwani mwetu kuanguka ni habari ya miguu.

Naandika haya kwa ajili ya mtu aliye pale tulipokuwa sisi: ana mzazi mwenye glakoma, anajitahidi kutafuta dawa, na anadhani kazi imeishia kwenye chupa.

Watu wengi kwetu wanauita ugonjwa huu presha ya macho. Jina si baya, ila linachanganya. Wapo wanaodhani ni ileile presha ya damu imepanda hadi machoni, na wapo wanaoulinganisha na mtoto wa jicho. Mama alikuwa wa kundi hili la pili. Mdogo wake alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho akarudi anasoma Biblia, basi naye akawa anasubiri zamu yake. Ilichukua muda kukubali kwamba glakoma haiendi hivyo. Ndani ya jicho kuna maji yanayotengenezwa na kutoka muda wote. Yakishindwa kutoka vizuri, presha ndani ya jicho hupanda na kuumiza mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo. Wapo hata ambao presha yao ni ya kawaida na mshipa unakufa vilevile. Nyuzi za mshipa ule zikifa hazifufuki. Matone, leza na upasuaji vinalinda kilichobaki tu, havirudishi kilichokwenda.

Na mara nyingi hauumi. Ule wa kawaida zaidi kwetu unaanza pembeni, taratibu, miaka na miaka, huku katikati kukibaki salama hadi mwisho mwisho. Ndiyo maana mama aliweza, na bado anaweza, kukaa na sinia la mchele mapajani akatoa changarawe ndogo kuliko punje. Jirani akimwona anachambua mchele namna ile hawezi kuamini ukimwambia kwamba mama huyu haoni vizuri. Sisi wenyewe hatukuamini. Mtu anayeona changarawe anashindwaje kuona ndoo?

Wazee wa Kongwa wana historia ndefu na madaktari wa macho, lakini ni historia ya vikope. Tangu miaka ya 1980 watafiti walikuwa wakija vijijini kwa ajili ya trakoma, yaani hivyo vikope, na mama anakumbuka kina mama wakihimizwa kuwanawisha watoto nyuso. Kwa hiyo kwetu ugonjwa wa macho maana yake ni jicho jekundu, linalowasha, lenye nzi. Jicho jeupe lisilouma lina tatizo gani? Hata hivyo ni Kongwa hiihii, katika vijiji sita, watafiti walipowapima watu 3,268 wenye umri wa kuanzia miaka 40, wakakuta karibu wanne kati ya kila mia wana glakoma. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000. Nilipoisoma takwimu hiyo nilianza kuhesabu wazee wa kitongoji chetu kwa majina, na nikawakumbuka wale ambao siku hizi "wamezeeka", hawaji tena msibani usiku, wanatembea wakipapasa ukuta.

Mama akiwa bado na hogo nilimleta kwangu Nkuhungu, Dodoma mjini, na siku ya kliniki ya macho nikaingia naye ndani badala ya kubaki kwenye benchi. Walimpima uwanda wa kuona, yaani eneo lote ambalo jicho linaliona likiwa limetulia. Unaweka kidevu kwenye mashine, unakodolea taa moja ya katikati, na kila unapoona kijitaa kikiwaka popote unabonyeza kitufe. Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Kulikuwa na vipindi virefu vya kimya, kidole gumba chake kimetulia juu ya kitufe, nami nikawa nasema moyoni, bonyeza mama, bonyeza. Hakubonyeza.

Daktari alikuwa kijana. Aliweka zile karatasi mbili mezani, moja ya kila jicho, akageuza upande wetu. Nusu ya juu ilikuwa na kijivu hafifu. Nusu ya chini ilikuwa nyeusi, hasa jicho la kushoto, kama mtu amepaka masizi. Akaweka kiganja juu ya ule weusi, akasema, "Hapa ndipo anapokanyaga."

Kisha akamgeukia mama. "Bibi, huwa unaanguka?"

Mama akaniangalia kwanza mimi. "Naanguka, mwanangu," akasema.

Yule kijana alitueleza jambo ambalo ningependa kila familia yenye mgonjwa wa glakoma ielezwe siku ya kwanza. Mgonjwa haoni weusi. Hana pazia jeusi mbele yake wala shimo. Ubongo haupendi pengo, hivyo unalijaza kwa kile kilicho jirani: kama pembeni ni udongo mwekundu wa uwanja, na pale panapokosekana atapata udongo mwekundu wa uwanja. Ndoo inafutwa, na juu yake panachorwa uwanja mtupu uliofagiwa vizuri. "Haikuwepo," mama alikuwa ameniambia, na alikuwa ananipa taarifa sahihi kabisa ya alichokiona.

Baadaye nilisoma kwamba watafiti wa Kanada, mwaka 2007, waliwalinganisha wenye glakoma na wasio nayo, wakakuta wenye glakoma wana uwezekano zaidi ya mara tatu wa kuwa wameanguka ndani ya mwaka mmoja uliopita. Wa Australia nao walionyesha kwamba anayepoteza sehemu ya chini ya uwanda wa kuona ndiye anayeanguka zaidi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kuanguka kunaua watu 684,000 kila mwaka duniani, wengi wao wazee. Kifundo cha mkono kilikuwa onyo. Nyonga ingekuwa habari nyingine.

Hogo lilipotolewa mama alitaka kwake, na nikaenda naye nikakaa wiki nzima. Siku ya kwanza sikugusa kitu. Nilimfuata tu, nyuma kidogo, nikaangalia miguu yake. Ndipo nilipotambua kwamba mama alikuwa anatembea kwa kukariri. Kutoka kitandani hadi mlangoni hatua sita. Mlangoni, mkono wa kulia kwenye fremu, mguu unainuka juu kuliko inavyohitajika. Kutoka hapo hadi jikoni anafuata ule mstari ambapo udongo umekandamizwa na ni mgumu chini ya kandambili. Ndoo kushoto. Kinu kulia. Mbuzi amefungwa nyuma, hawezi kufika njiani. Kila kitu kilikuwa na mahali pake na mahali pake palikuwa kichwani. Halafu tunafika sisi, wageni wenye nia njema, mmoja anaegesha baiskeli, mwingine anaacha kigoda, mwingine anaanika mkeka, na binti wa mjini anasogeza ndoo. Tulikuwa tunamvurugia ramani, halafu tunaondoka tumeridhika kwamba tumemsaidia mama usafi.

Basi sheria ya kwanza pale nyumbani ikawa hiyo, na inawahusu wageni kuliko inavyomhusu yeye: kitu kikitoka mahali pake kinarudi mahali pake, na kama lazima kihame, mama aambiwe na apelekwe akakiguse palipo. Wajukuu ndio walioishika haraka kuliko wakubwa. Wanasema kwa sauti, "Bibi, ndoo iko kisimani," kama makarani wa stoo.

Sheria ya pili ni ya mwanga, na hapa nataka nikae kidogo kwa sababu Dodoma ina shida yake. Jiko la mama ni tembe la zamani, kuta nene za udongo, mlango mfupi, kidirisha cha kupitisha kiganja. Nje jua linakatisha macho, ndani giza. Sisi wengine tukiingia tunapofuka kidogo kisha tunazoea. Mwenye glakoma anachelewa sana kuzoea, na dakika hiyo ya kuchelewa ndiyo inayomkuta kwenye kizingiti. Tulifikiria taa, tukaweka moja ya sola, lakini dawa kubwa zaidi mama aliipata mwenyewe kwenye adabu zetu. Anapiga hodi. Kwake mwenyewe, kwenye jiko lake mwenyewe. Anasimama mlangoni, ameshika fremu, anasema hodi, na kama kuna mtu ndani anaitikiwa karibu, wanasalimiana "mbukwenyi" na habari za kutwa, na salamu zikiisha macho yamekwishazoea. Kama hakuna mtu anapiga hodi ya pili na ya tatu. Majirani mwanzoni walishangaa. Sasa na wao wakimwona anakuja wanamwachia muda wake mlangoni, hawamvuti mkono.

Kizingiti tulikipaka chokaa. Sakafu ni udongo mwekundu, kizingiti ni udongo mwekundu, ukuta ni udongo mwekundu, kwa jicho lililochoka vyote ni kitu kimoja. Ukingo mmoja mweupe unatenganisha. Chokaa ilifutika baada ya mvua za kwanza, tukarudia kwa rangi ya mafuta iliyobaki kwenye ujenzi wa shule, imedumu. Tukapaka pia mawe pande zote mbili za njia ya chooni, lakini tukayaweka mbali mbali, njia ikawa pana, maana jiwe lenyewe nalo linakwaa. Ndani ya choo fundi akasimika mti mnene ukutani wa kushika wakati wa kuchuchumaa na kuinuka. Usiku ana kopo lake chumbani, na hili lilikuwa na ubishi kwa sababu aliona ni jambo la wagonjwa na watoto. Nilimwomba, sikumwamuru. Kamba ya kuanikia nguo ilikuwa usawa wa uso wake, tukaipandisha.

Kandambili zilikwenda. Anavaa viatu vya kufunga nyuma, soli nyembamba ngumu, ili mguu ushike na usikie ardhi.

Mtu atasema, si umwambie tu aangalie chini? Tulimwambia. Alipokuwa anaangalia chini muda wote akagonga paji la uso kwenye kizingiti cha juu cha lile tembe. Alichofundishwa kliniki ni kutembeza macho na kichwa, mbele, chini, pembeni, halafu hatua, kama anayetafuta kitu kilichopotea. Kinafaa, ila kinachosha, na huku anaongea na mtu anasahau. Kwa hiyo siku hizi mimi nikitaka kumweleza jambo namsubiri asimame.

Miwani nayo ilikuwa na lake. Alikuwa na ile yenye lenzi mbili kwenye kioo kimoja, juu ya kuona mbali, chini ya kusomea. Ukitembea nayo, ardhi unaiona kupitia ile ya kusomea, imefifia. Kwa mtu ambaye hata bila miwani chini hapaoni, ni kumwongezea shimo. Ana miwani ya kusomea peke yake sasa, anaivua kabla hajainuka.

Na matone. Dawa yake ni timololi, ambayo watu wengi hawaijui ila maduka mengi ya dawa yanayo. Ni nzuri kwa jicho, lakini tone likishukia puani linaingia kwenye damu, na huko linaweza kupunguza kasi ya moyo na kushusha presha ya damu. Kwa mwenye pumu ni hatari. Mama anameza pia vidonge vya presha. Kuna asubuhi alikuwa anainuka kitandani dunia inazunguka, naye akanyamaza kwa kuogopa atanyimwa dawa. Daktari hakumnyima, alimpima upya na kurekebisha vidonge. Muuguzi akamwonyesha kubana kona ya ndani ya jicho, upande wa pua, kwa kidole, dakika mbili baada ya tone, jicho limefumbwa. Anafanya hivyo ameketi kitandani, na kuinuka anainuka kwa awamu: anakaa, anashusha miguu, anasubiri, anasimama. Usiache dawa kwa sababu ya kizunguzungu. Nenda ukaseme. Na kama kununua chupa kila mwezi kunakushinda, sema hilo nalo, maana njia nyingine zipo. Hospitali ya KCMC pale Moshi walilinganisha timololi na matibabu ya leza kwa wagonjwa wa glakoma iliyokomaa, na majibu yaliyotoka mwaka 2021 yalionyesha leza ikifanikiwa kwenye macho 61 kati ya 100 baada ya mwaka, timololi 31.

Kubwa tuliloligombania kwenye familia lilikuwa kumkalisha. Dada mkubwa alitaka mama abaki mjini, kwenye kochi, aletewe kila kitu. Sina budi kusema kwamba zile wiki za hogo pale kwangu ndizo zilizomdhoofisha. Nyumba yangu ina vigae vinavyong'aa, hakuwa ameikariri, nje ni mitaro iliyo wazi na bodaboda. Akawa anakaa. Mapaja yakapungua hadi nikaogopa. Mtu anayeogopa kuanguka akiacha kutembea, misuli inakwisha, na siku akilazimika kuinuka ndiyo siku anayoanguka vibaya. Mwaka 2019 tafiti nyingi zilijumlishwa pamoja kuhusu wazee wanaoishi majumbani, ikaonekana mazoezi, hasa ya kujimudu na nguvu za miguu, yanapunguza kuanguka kwa karibu robo. Mama hataki kusikia neno mazoezi. Lakini anakubali kuinuka na kukaa kwenye kiti mara kumi bila kushika, asubuhi na jioni, akihesabu kwa Kigogo, wajukuu wakimfuatisha. Vigoda tumeviondoa kwa sababu kuinuka kutoka chini vile kulikuwa kunampeleka mbele. Anatwanga, anachuma mlenda kandokando ya shamba, anakwenda kanisani na fimbo. Tangu uwele wa mwaka jana ameanguka mara moja, akakalia matako kwenye mchanga, akaniambia mwenyewe kwenye simu kabla sijasikia kwa mtu.

Kuna jambo moja bado halijakaa sawa. Glakoma inatembea kwenye damu. Mtoto au ndugu wa tumbo moja na mgonjwa yuko kwenye hatari zaidi kuliko mtu mwingine, na daktari alitaka sote wanne tupimwe. Mimi nimepima, dada amepima, mdogo wetu amepima. Kaka mkubwa, mwenye miaka 51, amekuwa akisema macho yake ni mazima, anasoma meseji bila miwani.

Jumapili iliyopita tulikutana wote kijijini. Mama alikuwa ameketi kivulini na sinia lake la mchele. Kaka alitoka jikoni na birika la chai, akiongea na sisi, na mguu wake ukapiga kile kizingiti, cheupe pe, mchana kweupe. Hakuanguka. Aliyumba, chai ikamwagika, akajishika kwenye fremu.

"Viatu hivi," akasema, akiangalia soli.

Mama aliacha kuchambua. Hakuwa ameona chochote, alisikia tu mguu na birika.

"Huyo kesho usimwache," akaniambia. "Ondoka naye."

Tuliondoka naye Jumatatu kwa basi la kwanza kutoka Mbande. Alikaa dirishani, kimya, na pale stendi wakati wa kushuka nilimwona ameshika bomba la mlangoni, anatafuta ngazi kwa ncha ya kiatu.